ThinkPad X1 Carbon baada ya kompyuta ya gemu: tathmini ya mkaguzi wa hesabu aliyechoka kutafuta soketi

Kwa miaka mitatu nilikuwa miongoni mwa watu wa kwanza kuingia katika kila chumba cha mkutano nilichoalikwa, na wateja wetu walinisifu kwa kujali muda. Ukweli ni kwamba nilikuwa nawahi kiti kilicho jirani na soketi. Kompyuta niliyokuwa nikiibeba ilikuwa ya gemu, yenye skrini ya inchi 15.6, uzito wa kilo 2.3 na chaja iliyofanana na nusu tofali, na bila umeme wa ukutani haikuwahi kunifikisha mbali. Miezi tisa iliyopita niliiacha, nikahamia ThinkPad X1 Carbon ya kizazi cha 9 iliyokwisha kutumika. Ninayoandika hapa ni yale niliyoyaona katika miezi hiyo, yakiwemo mawili matatu ambayo laiti ningeyajua kabla sijatoa fedha.

Kwanza nieleze nilivyoingia katika kompyuta ya gemu, maana sikuwa peke yangu na bado nawaona wengi wakiifuata njia ileile. Mimi ni mkaguzi wa hesabu katika ofisi ndogo jijini Dar es Salaam. Mwaka 2021 nilipokwenda madukani nikasema nahitaji kompyuta ya kazi nzito, kila muuzaji alinionyesha kompyuta ya gemu, na kwa hesabu za karatasini hakuwa amekosea: prosesa ya Intel Core i7-10750H yenye viini sita (yaani sehemu sita za kufanya hesabu kwa pamoja), kadi ya michoro ya GTX 1660 Ti yenye kumbukumbu yake ya GB 6, na RAM ya GB 16. Kwa fedha hiyohiyo, kompyuta nyembamba mpya ya kiofisi ilikuwa na viini vichache, haikuwa na kadi ya michoro, na muuzaji mwenyewe aliizungumzia kwa huruma. Nikanunua kama anunuavyo mtu mahindi, kwa kuangalia gunia lipi limejaa zaidi. Nikiri pia kwamba mdogo wangu na mimi tulikuwa na mipango yetu ya mpira wa kwenye skrini kila Jumamosi. Kampuni iliyoitengeneza sitaitaja, kwa kuwa karibu kila nitakalolalamikia hapa linaihusu jamii nzima ya kompyuta hizo.

Jambo ambalo hakuna muuzaji aliyenieleza, nami sikujua kuuliza, ni wati. Prosesa ile imeundwa kwa kiwango cha wati 45, na kadi ile ya michoro kwa wati 80, hivyo viwili hivyo peke yake vikifanya kazi kwa ukamilifu vinadai wati 125 kabla ya kuhesabu skrini, feni na diski. Ndiyo maana chaja yake ilikuwa ya wati 180. Sasa, hakuna betri ya kompyuta ya kubebeka inayoweza kutoa umeme wa kiasi hicho kwa muda wa maana, na watengenezaji wanalijua hilo, kwa hiyo unapochomoa waya kompyuta yenyewe hujipunguzia mwendo ili isiiue betri. Nguvu niliyoilipia mamilioni ilikuwa inapatikana ukutani tu. Nikiwa ndani ya treni, uwanja wa ndege au stoo ya mteja nikihesabu magunia ya saruji, nilikuwa nimebeba kilo tatu, chaja ikiwemo, za kompyuta iliyojifunga breki.

Hata ilipokuwa imetulia, nikiandika barua tu, ilikuwa inakula wati ishirini na kidogo, kwa sababu skrini yake ilichora picha mara 144 kwa sekunde na kadi ya michoro ilikuwa haipati usingizi wa kweli. Betri yake ilikuwa ya wati-saa 51, kipimo cha umeme ambao betri inaweza kuubeba. Ukigawa unapata saa mbili na dakika kadhaa, na hiyo ni betri ikiwa mpya. Mwaka wa tatu ilikuwa imeshuka hadi saa moja na robo. Niliwahi kupanda treni ya SGR kwenda Dodoma, safari ya takribani saa nne, nikiwa na nia ya kukamilisha taarifa ya ukaguzi njiani. Kompyuta ilizimika hata hatujafika mbali baada ya Morogoro, nami nikamalizia safari nikitazama milima, jambo ambalo si baya, lakini taarifa ilitakiwa saa nane mchana.

Kuna na suala la haya, ambalo watu wa namba hatulizungumzii. Kibodi ya kompyuta ile ilikuwa inawaka taa za rangi, na kila nilipodhani nimezizima, programu ikijisasisha zilirudi. Feni zake zilipochachamaa, sauti ilikuwa kama mashine ya kukoboa inayosikika kutoka nyumba ya tatu. Katika taasisi moja tuliyokuwa tukiikagua, mhasibu mkuu, mama mtu mzima aliyeniita mwanangu tangu siku ya kwanza, alinyamaza katikati ya maelezo yake kuhusu madeni chechefu, akaitazama, kisha akauliza kwa upole: "Mwanangu, hiyo ni ya kazi au ya kupigia muziki?" Nilicheka naye. Usiku ule nilianza kutafuta kompyuta nyingine.

ThinkPad ni jina lililoanzishwa na IBM mwaka 1992, likahamia Lenovo mwaka 2005 kampuni hiyo ilipolinunua tawi la kompyuta binafsi la IBM. X1 Carbon ya kwanza ilitoka mwaka 2012, na tangu hapo imekuwa ikitolewa kizazi baada ya kizazi kwa ajili ya mameneja, wanasheria na watu wa mashirika makubwa ambao hawaulizi bei kwa sababu mwajiri ndiye anayelipa. Hilo la mwajiri ndilo linalotuhusu sisi. Mashirika ya Ulaya na Marekani hubadilisha kompyuta za wafanyakazi kila baada ya miaka mitatu au minne, zikauzwa kwa jumla, na nyingine zikafika kwetu kupitia Dubai zikiwa bado na nguvu zake. Kizazi cha 9 ni cha mwaka 2021. Nilikichagua kwa sababu moja kubwa: ndicho cha kwanza katika ukoo huo kupata skrini ya uwiano wa 16 kwa 10, iliyo ndefu zaidi kwenda chini, na mtu anayeshinda ndani ya Excel ataelewa kwa nini. Niliyonunua ina prosesa ya Core i5-1135G7, RAM ya GB 16 na diski ya SSD ya GB 512, nami nililipa kiasi cha milioni moja na nusu, chini ya nusu ya nilichokitoa kwa ile ya gemu.

Ununuzi wa kompyuta iliyotumika unahitaji ukaguzi kuliko unavyohitaji bahati, na kwa kuwa ukaguzi ndiyo kazi yangu, nitakawia kidogo hapa. Jambo la kwanza nililofanya mbele ya muuzaji ni kufungua dirisha la amri la Windows na kuandika powercfg /batteryreport. Amri hiyo hutengeneza ripoti inayoonyesha betri ilizaliwa na wati-saa ngapi na sasa inabeba ngapi. Betri ya X1 Carbon hii huzaliwa na wati-saa 57. Ya kwanza niliyoonyeshwa ilikuwa imebakiwa na 31, nikairudisha mezani bila maneno mengi, na ya pili ilikuwa na 49, ambayo ndiyo ninayoiandikia. Muuzaji alishangaa kidogo, kisha akaniomba nimwandikie ile amri kwenye karatasi. Sijui alikusudia kuitumia kwa faida ya wateja au ya kujikinga nao.

Jambo la pili ni kufuli zisizoonekana. Kompyuta iliyotoka shirikani inaweza kuwa na nywila ya msimamizi katika BIOS, programu ya msingi inayoiamsha kompyuta kabla ya Windows, na nywila hiyo haifutiki kwa kubadilisha diski wala kwa kusakinisha Windows upya. Mbaya zaidi ni ile iliyobaki imesajiliwa katika mfumo wa usimamizi wa mwajiri wake wa zamani: inafanya kazi vizuri dukani, unaifurahia wiki nzima, halafu siku unapoisafisha na kuisakinisha upya, ikishaunganishwa na intaneti tu, inakudai akaunti ya shirika ambalo hujawahi kulisikia. Yalimpata mwenzangu ofisini, na duka alilonunulia lilimwambia kuwa aliiharibu mwenyewe. Kwa hiyo dai kompyuta isafishwe mbele yako, ianzishwe upya ikiwa imeunganishwa na intaneti ya simu yako, na usitoe fedha kabla hujaufikia ukurasa wa kuchagua akaunti yako mwenyewe. Muuzaji mwaminifu atakubali, ingawa atalalamikia muda.

La tatu ni RAM. Katika X1 Carbon, RAM imechomelewa kwenye bodi, haichomoki wala haiongezeki, na maneno ya "utaongeza baadaye" hayana maana yoyote hapa. Anayenunua ya GB 8 atabaki nayo hadi siku ya kuizika. Diski ya SSD inabadilishika, na betri, japo imefichwa ndani, imeshikwa kwa skrubu, hivyo fundi yeyote mwenye bisibisi ndogo na mkono mtulivu anaweza kuiweka mpya. La nne linawahusu wanaovutiwa na bei za chini zaidi: Windows 11 inataka prosesa za Intel za kizazi cha 8 kwenda juu, na msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. X1 Carbon ya kizazi cha 5, ambayo bado nyingi zinauzwa zikiwa nzuri kwa macho, imebaki upande usiofaa wa mstari huo. X1 Carbon ya kizazi cha 6, yenye prosesa za kizazi cha 8, imevuka.

Sasa nije kwenye matumizi. Nikiandika taarifa, kusoma nyaraka na kujibu barua pepe, mwanga wa skrini ukiwa katikati, kompyuta hii inakula kati ya wati 5 na 8. Wati-saa 49 zikigawanywa kwa 7 zinatoa saa saba, na saa saba ndizo ninazozipata, dakika chache chini siku ya mikutano ya video. Safari ileile ya Dodoma sasa inakwisha nikiwa na zaidi ya theluthi moja ya betri. Lakini faida ambayo sikuitarajia ni ya chaja. X1 Carbon huchajiwa kwa USB-C, wati 65 zinaitosha, na chaja hiyohiyo inaichaji simu yangu, kwa hiyo ninaposafiri nabeba waya mmoja. Pawabenki yenye uwezo wa kutoa wati 65 inaweza kuiongezea maisha mahali pasipo na umeme kabisa. Nyumbani nina betri ya sola na inveta ndogo kwa ajili ya siku za umeme kukatika. Zamani kuchomeka kompyuta ya gemu kwenye inveta ile kulimaanisha kuchagua kati ya kazi yangu na taa za watoto, na sasa vyote vinakaa pamoja hadi usiku wa manane.

Kuhusu skrini, ni ya inchi 14, nukta za picha 1920 kwa 1200. Ile ya gemu ilikuwa kubwa kwa umbo lakini ilikuwa na nukta 1080 tu kwenda chini. Mstari mmoja wa Excel kwa ukubwa wake wa kawaida huchukua nukta 20, kwa hiyo nukta 120 za ziada ni mistari sita, au mitano hivi ukikuza maandishi kidogo kama ninavyofanya mimi kwa ajili ya macho. Mistari mitano inaonekana kidogo hadi utakapofanya ulinganisho wa taarifa ya benki na leja kwa siku nzima bila kusogeza juu na chini kila dakika. Rangi zake ni za kutosha, na kioo hakirudishi mwanga, ingawa juani kabisa, kwa mfano ukikaa barazani Tanga saa sita mchana, utajikuta unajitafutia kivuli kama mtu mwingine yeyote.

Kibodi ya ThinkPad imesifiwa sana, nami naungana na wanaoisifu, ila kwa malalamiko mawili. La kwanza ni la taaluma yangu: haina pedi ya namba. Kompyuta ya gemu ilikuwa nayo upande wa kulia, na vidole vyangu vilikuwa vimezoea kuingiza tarakimu bila macho kuziangalia. Wiki mbili za mwanzo nilikuwa mwepesi wa barua na mzito wa namba, hadi nilipokubali kununua pedi ya namba ya USB, kitu kidogo kinachoingia mfukoni, na sasa nakibeba popote kazi ni ya kuingiza takwimu. Mhasibu, mtunza stoo au karani wa benki anayefikiria kuhama na alijue hilo mapema. La pili ni kwamba kitufe cha Fn kimewekwa kona kabisa ya kushoto, mahali ambapo kompyuta nyingi za Windows huweka Ctrl, na kila ulipodhani umenakili, hukunakili. Dawa yake ipo: katika BIOS au katika programu ya Lenovo Vantage unaweza kubadilishana kazi za vitufe hivyo viwili. Nilibadilisha siku ya tatu. Wenye ThinkPad wa miaka mingi watanicheka, na waache wacheke.

Ile nukta nyekundu ya kusogezea mshale iliyo katikati ya kibodi, niliyoidhania kuwa pambo la kumbukumbu, imegeuka kuwa kitu ninachokitumia kuliko nilivyotaka kukiri. Ndani ya basi linaloruka matuta, kidole kwenye padi ya kugusa hupotea njia. Kwenye nukta hiyo kidole kimetulia mahali pamoja na mshale unatii. Inachukua kama siku kumi kuizoea, na siku tano za kwanza utaichukia.

Swali ambalo kila mtu ananiuliza ni la kasi, na jibu lake halikuwa nililolitegemea. Nilichukua faili halisi la kazi, miamala laki nne na ushei kutoka matawi kadhaa, nikaliendesha kwenye kompyuta zote mbili kwa Power Query, zana ya Excel ya kukusanya na kupanga data: kuunganisha, kusafisha tarehe, kutafuta malipo yaliyorudiwa. Zote zikiwa zimechomekwa ukutani, ile ya gemu ilitangulia kwa sekunde chache tu, tofauti ambayo nisingeiona bila kushika saa. Zote zikiwa kwenye betri, X1 Carbon ilitangulia, na haikuwa kwa kidogo. Sababu ni kwamba kazi nyingi za Excel hazigawanyiki vizuri kati ya viini vingi. Zinategemea wepesi wa kiini kimojakimoja, na viini vinne vya i5 ya kizazi cha 11, vilivyoundwa kwa teknolojia mpya zaidi, havina cha kuwaonea wivu kaka zao sita wa kizazi cha 10. Kadi ya michoro, ambayo kwa bei ndiyo iliyokuwa sehemu kubwa ya kompyuta ile, katika kazi hii haikufanya lolote. Nilikuwa nimelipia trekta kwa ajili ya kupeleka watoto shule.

Hata hivyo wembamba una sheria yake, na nisiyaseme mazuri tu. Kazi ikiwa ya dakika mbili tatu, kompyuta hii inakimbia kwa nguvu zote. Ikiendelea kwa dakika ishirini, mfano kugeuza mamia ya nyaraka zilizoskaniwa kuwa maandishi, joto hujaa katika mwili huo wenye unene wa milimita 15 na prosesa hupunguza mwendo ili lisizidi. Ile ya gemu, pamoja na kelele zake, ilikuwa na mapafu ya kuhimili saa nzima. Sehemu ya juu ya kibodi hupata vuguvugu ambalo katika mwezi wa kumi na mbili Dar es Salaam hulihitaji. Hewa huingia kwa chini, kwa hiyo kuiweka juu ya mto au shuka ni kuiziba pua. Vumbi nalo halichagui: nilimwita fundi aifungue baada ya miezi sita, akatoa kidogo sana ukilinganisha na blanketi tulilokuwa tukilitoa ndani ya ile ya zamani kila mwaka, nadhani kwa sababu feni zake hazizunguki muda wote.

Lipo jambo la usingizi pia. Kompyuta nyingi za kizazi hiki, ukifunga mfuniko, hazilali usingizi wa kufa kama za zamani. Zinabaki nusu macho kama simu, zikipokea barua pepe, na ndani ya begi zinaweza kuamka na kupata joto. Baada ya kufika kwa mteja mara moja nikiwa na betri pungufu ya nilivyoiacha, nilikwenda kwenye mipangilio ya umeme nikaamuru kwamba mfuniko ukifungwa iingie katika hali ya kuhifadhi kila kitu kwenye diski na kuzimika. Huamka kwa sekunde chache zaidi, na sijapata mshtuko mwingine. Katika Lenovo Vantage pia niliiwekea betri kikomo cha asilimia 80 kwa siku za kukaa ofisini imechomekwa kutwa, kwa kuwa betri ya lithiamu huchakaa haraka ikiachwa imejaa pomoni katika joto.

Matundu yanatosha kuliko unavyotegemea kwenye kitu chembamba hivi: mawili ya USB-C yenye Thunderbolt 4, mawili ya USB ya kawaida kwa ajili ya flashi za wateja, ambazo bado zipo na zitaendelea kuwepo, na HDMI ya projekta. Hakuna tundu la waya wa mtandao wala la kadi ya kamera. Kamera yenyewe ni ya 720p, ya kuonekana tu, na ina kifuniko kidogo cha kuteleza ambacho nakifunga kwa mazoea kama mlango wa choo. Kava lake jeusi ni zuri likiwa safi; mikono iliyotoka kwenye chipsi huacha ushahidi.

Nilichopoteza ni gemu, na sitajifanya kwamba hakina uzito. Michoro ya Iris Xe iliyomo ndani ya prosesa inaweza kuendesha mpira wa miaka ya nyuma kwa viwango vya chini, lakini gemu mpya nzito huifanya ihangaike, nasi Jumamosi zetu zimekwisha. Mchoraji wa majengo anayetengeneza picha za pande tatu, mhariri wa video au mwanafunzi anayejifunza kufundisha mifumo ya akili mnemba kwa kadi ya michoro ya NVIDIA asinisikilize hata kidogo. Kwake kadi ile ya michoro ndiyo kazi yenyewe. Na asiye na safari, aliye na meza, kiti na umeme wa uhakika, hana sababu ya kulipia wepesi ambao hataubeba.

Kwa anayetaka wepesi lakini anaogopa RAM iliyochomelewa, HP EliteBook 840 G8 ya kizazi hichohicho cha prosesa ina nafasi mbili za RAM zinazobadilishika, na katika maduka niliyopita ilikuwa ya bei nafuu zaidi, ila skrini yake ni ya uwiano wa 16 kwa 9 na uzito wake unaanzia kilo 1.3 hivi wakati X1 Carbon inaanzia kilo 1.13. MacBook Air yenye prosesa ya M1 ya mwishoni mwa mwaka 2020 inaishinda yangu kwa muda wa betri, tena haina feni kabisa. Niliikataa kwa sababu moja: Excel ya Mac haina Power Pivot, zana ya kuchambua data nyingi kutoka majedwali kadhaa, na nusu ya majedwali ya ofisi yetu yamejengwa humo.

Kompyuta ya gemu sikuiuza. Niliikabidhi kwa mdogo wangu, ambaye anahariri video za harusi, na kwake imepata maisha iliyoyaumbiwa: iko juu ya meza, imechomekwa kutwa kucha, taa zake zinawaka bila kumwaibisha mtu, na kadi ile niliyoiita trekta inalima kweli, akiongeza rangi na kupunguza mitikisiko ya kamera wakati mimi bado ningekuwa nasubiri faili la video kama hizo lifunguke kwangu. Betri yake ilikufa kabisa miezi kadhaa iliyopita. Aligundua siku umeme ulipokatika.